Fundi aliniambia "tundu hutaliona", baba yangu akaponea chupuchupu kuungua ndani ya gari

Moshi umejaa garini. Nje ukungu wa Isongole, ndani moshi, hata boneti sioni. Baba yangu yuko siti ya nyuma anakohoa, na mlango wake umegoma kufunguka.

Wakuu, habari za humu. Shule sikusoma sana, mtanivumilia mwandiko. Ila hiki kimenipata mimi mwenyewe, na majina nataja.

Nirudi nyuma.

Gari langu lina mlango wa kuteleza wa umeme. Ndani lilikuwa safi, halina mkwaruzo. Nikataka screen na kamera ya mbele, maana barabara yetu ya kwenda Mbeya mnaijua kwa ukungu na malori.

Nikalipeleka kwa fundi Ambakisye, pale Tukuyu mjini, dukani kwa Lusajo.

Nikamwambia, "Dashibodi sitaki itobolewe."

Akacheka. "Mjomba, tundu hutaliona."

Lishikeni hilo neno wakuu. Hakusema hatatoboa. Alisema sitaliona.

Akabandika screen kwa double tape, ikadondoka. Akabandika tena, ikadondoka. Huku kwetu unyevu hauishi, na dashibodi ilikuwa na mafuta ya kung'arishia. Ilitakiwa aifute kwa spirit, ikauke, ndio abandike.

Nikaenda kunywa chai. Narudi, screen imesimama imara. Nikamshukuru kabisa, ndaga fijo!

Kumbe alipita kwa chini akazamisha skrubu ndefu katikati ya nyaya. Na umeme kauvuta moja kwa moja kwenye betri, fyuzi hakuna. Kila tukipita kwenye shimo, skrubu inasugua waya. Haya nimeyaona baadaye, dashibodi iliposhushwa.

Sasa siku yenyewe. Nimemchukua baba kijijini kwake Masukulu, nampeleka Mbeya akatibiwe macho. Mke wangu kakaa mbele.

Baba ni Mnyakyusa wa zamani. Kwake yeye, mkwe na baba mkwe hawasogeleani, hata kutazamana ni mwiko. Kwa hiyo yeye nyuma, kofia kaishusha usoni. Mke wangu njia nzima anatazama dirishani.

Tulipofika Isongole nikasikia harufu ya mpira unaungua. Taa zikazima. Moshi.

Nikaruka nje, nikavuta mlango wa nyuma. Umeme umekufa, na mlango umekufa nao. Upande wangu usukani unabana, njia ni moja tu, apenye katikati ya siti za mbele atokee upande wa mke wangu, na mke wangu kashuka kasimama pale pale, kanyoosha mikono.

Nikapiga kelele, "Baba, pita!"

"Mwambie asogee! Akae mbali!"

"Baba, moto!"

"Asogee kwanza!"

Moto ulishaanza kulamba chini ya redio. Nilimwona baba anakufa kwa ajili ya heshima.

Mke wangu akafumba macho. "Baba, nisamehe." Akamkamata kwapani, akamburuta mpaka kwenye majani.

Dereva wa bodaboda aliyebeba viazi ndiye aling'oa waya wa betri na kumwaga udongo.



Nilirudi dukani. Ambakisye ananijibu, "Kwani mjomba, tundu uliliona?" Lusajo naye, "Sisi tunauza vifaa, kufunga ni mambo ya fundi." Wakacheka.

Wakuu, kabla hajagusa gari lako muulize: unashikiza na nini, waya unapita wapi, fyuzi iko wapi. Kaa hapo hapo, chai utakunywa nyumbani. Wenye uzoefu ongezeni hapo chini.

Baba tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Mke wangu analia, anasema amemvunjia mzee heshima barabarani. Nimemfuata Masukulu, akaniuliza swali moja tu: "Nani kamfanya mkwe wangu anishike?"

Ambakisye, humu unaingia, nakujua. Na wewe Lusajo. Njooni Masukulu mkae mbele ya mzee, mumjibu kwa midomo yenu.