Ndoo ya Mgeni

Sitaki kuyasikia tena yale mashindano ya miji. Juzi televisheni imetangaza kwamba msimu mwengine waja na Mombasa itapeleka timu. Nikaizima, nikaenda zangu jikoni. Lakini watu wanasimulia uongo mtupu, basi wacha niseme niliyoyaona kwa macho yangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, Mungu anisamehe. Miji ya nchi mbalimbali ilileta watu wazima na akili zao, wakavalishwa fulana za rangi, wakavutana kamba topeni, wakatembezwa juu ya mbao zilizopakwa sabuni, na watangazaji wanapiga mayowe utadhani pana moto. Leo wanacheza Tanga, baada ya wiki kadhaa Moroni, na kila raundi kuna mji unaotolewa. Nchi zote zinaangalia.

Kwetu nyumbani lakini haukuwa upuuzi. Ndugu yangu, kitinda mimba wa mamangu, alikuwa kuli bandarini. Kazi zilipopungua akaachishwa, naye akajifungia ndani. Si ugonjwa, si ulevi, haya tu. Jitu zima lenye kifua kama mlango, haendi msikitini ila alfajiri, asije akaulizwa, "Siku hizi uko wapi?" Harusini haendi, matangani haendi. Mamangu alikonda akawa mifupa.

Chumba cha chini tulimpangisha mfanyakazi wa reli, Mkristo wa bara, mtu mpole. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa timu yetu. Siku moja akapanda juu, akapiga hodi, akasema, "Mama, nipe huyu kijana. Nimemwona anavyopandisha mtungi wa gesi kwa mkono mmoja."

"Mchukue, baba," mamangu akamjibu. "Hata ukimvunja mguu, heri avunjikie nje."

Wakawa wanafanya mazoezi Kibarani jioni. Ndugu yangu alirudi na tope mpaka masikioni, na mamangu sijapata kumwona akifua nguo kwa furaha vile. Baada ya raundi ya Tanga, wanaume wa barazani pale mtaani petu wakaanza kumwita: "Njoo, bwana, njoo unywe kahawa!" Akaenda. Akakaa. Siku moja nikamsikia akicheka huko chini, nikaacha kusuka ukili wa mkeka nikalia. Nilijua pia, na hili lilininyima raha, kwamba akivunjika tena huyu hatatoka. Uso wa kutazamana na watu mtu haombi mara mbili.

Raundi ya nyumbani ilichezwa uwanja wa karibu na Feri. Tulibaki sisi na Unguja. Mchezo wa mwisho ni kupitisha ndoo za maji juu ya bwawa, mbao mbili sambamba, kila mji na ubao wake, na mji utakaofikisha maji mengi ndio umeshinda. Sharti moja lilisomwa kwa sauti: ukigusa mzigo wa mji mwengine, mji wako umetoka. Waliogopa watu wasije wakaangushana.

Tulikuwa tunaongoza. Ndugu yangu ameshamwaga ndoo yake ya mwisho, anarudi mikono mitupu, watu wameshaanza vigelegele. Kwenye ubao wa pili anakuja mama wa Unguja, rika la mamangu, ndoo kichwani. Katikati akateleza. Akayumba, akamtazama ndugu yangu, na neno likamtoka: "Nipokee, mwanangu!"

Naye akampokea ndoo. Kwa mikono miwili, "Lete, mama, lete," kama yuko mlangoni kwao. Wala hakufikiri. Sisi mama mtu mzima akija na mzigo, mkono hutangulia, akili ikafuata nyuma. Kwa kufumba na kufumbua uwanja wote umeshaelewa, isipokuwa yeye, aliyekuwa akimuuliza yule mama kama ameumia. Ndipo kipenga kikalia: Mombasa tumetoka.

Mama wa Unguja alilia mbele ya kamera. "Wallahi sikukusudia, ni ulimi tu!" Nahodha wetu alikaa kitako kwenye nyasi, akajifunika taulo usoni, kisha akainuka akamshika ndugu yangu bega. Nahodha ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika, na hakutoa neno baya.

Waliotoa ni watu wetu. Kabla ya isha ile picha iko kwenye kila simu. Ati kauza mchezo. Ati bwege. Tulipopita barazani, wale wale wa kahawa wakapiga kelele, "Nipokee, mwanangu!" wakaangua kicheko. Nikawageukia, buibui langu nimelikusanya mkononi. "Nyinyi mngemwacha mama wa watu aanguke?"

"Tungemwacha!" akajibu mmoja, mvi tele kidevuni, wala hakuona haya.

Nikamwambia, basi Mombasa imekwisha, tumebaki na majengo. Lakini ndugu yangu alikuwa ameshaingia ndani. Alfajiri iliyofuata hata msikitini hakwenda.

Wiki ile ile mamangu alirudi sokoni na kikapu kizito, nazi na ndizi mbichi. Ngazi zetu ni za mkwezo, wima kabisa, na mwanga mchache. Akasimama katikati, ameshika ukuta, anahema. Mimi niko chini mlangoni natia komeo. Juu ametokeza ndugu yangu. Mikono yake ikanyooka. Nimeiona. Kisha akairudisha, akaibana makwapani, akabaki anamtazama mamake.

"Hapa hapana mwamuzi, babangu," mamangu akamwambia.

Hakushuka. Machozi yanamtoka, akarudi chumbani akafunga mlango. Mamangu akakiweka kikapu kwenye ngazi, akakaa kando yake.