Koti la Fundi Hamadi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mkasi. Nilifika dukani Al-Sulimaniyah, Riyadh, nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi cha Nakuru na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Fundi mkuu akanikabidhi koti kuukuu na wembe.

"Lifumue," akasema. "Lote. Usikate kitambaa, kata uzi."

Nilifumua hadi adhuhuri, nikinung'unika moyoni kwamba sikupanda ndege kuja kubomoa nguo za watu. Nilipomaliza, aliniuliza jina na kazi ya kila kipande kilicholala mezani. Nilivijua nusu. Kesho yake akanipa koti lingine.

Duka letu lilishona suti za Kiingereza. Wenyeji walikuwa na mafundi wao wa kanzu, sisi hatukuwagusa. Waliokuja kwetu ni madaktari wa kigeni, mabwana harusi wa Kimisri na Kilebanoni, na wafanyabiashara waliokuwa na safari za Ulaya. Fundi mkuu ndiye aliyempima mteja na kukata kitambaa; sisi wengine tulishona alichokata. Huyo alikuwa Mzee Hamadi, Mzanzibari mwembamba aliyejifunza kazi London ujanani mwake, chini ya mkataji mmoja Mwingereza ambaye, kwa maneno yake, alikuwa mkali kuliko pilipili mbuzi.

Mzee Hamadi hakuweza kukufundisha mshono bila kukupa historia yake. Mpasuko wa nyuma ya koti, alisema, ni wa Mwingereza wa zamani aliyepanda farasi, ili koti lisikunjamane tandikoni. Kifungo cha chini cha kizibao huachwa wazi kwa sababu, husemwa, mfalme mmoja alinenepa, kikakataa kufunga, na watu wa baraza wakaacha vyao wazi ili asione haya. Alitusimulia enzi ambapo sheria ilitaja nani avae hariri na nani abaki na sufu, na vijakazi waliopewa gauni kuukuu na mabibi zao, wakitoka nazo mjini wageni wakawaamkia kama mabibi wenyewe. Hapo nilicheka, maana siku za mapumziko wasichana wa Kenya waliofanya kazi za ndani kule Al-Suwaidi waliniletea nguo walizopewa na madam zao niwapunguzie kiuno. Mzee hakucheka. "Nguo haijui nani bwana, nani mtwana," alisema. "Wanaojua ni watu."

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kugeuza koti. Miji ya Kiingereza ilijaa moshi wa makaa ya mawe, na karani mwenye koti moja alilivaa mpaka likafifia. Kununua jipya hawezi, kwenda ofisini na lililochakaa hawezi. Basi fundi alilifumua lote, akageuza kila kipande, upande wa ndani ukawa wa nje, akalishona upya. Koti lilirudi jipya, ila lilikuwa na siri moja: upande wa kushoto sasa ulikuwa wa kulia, na mfuko wa kifuani ulihamia kulia pamoja nao. Fundi wa kawaida aliuacha hapo. Fundi hodari aliufunga kwa kutililia, yaani kuziba mpasuko kwa nyuzi za kitambaa chenyewe zilizochomolewa ndani ya pindo, kisha akakata mfuko mwingine kushoto.

"Ukitililia vyema," alisema Mzee, "hata aliyekifuma kitambaa hataona."

Baada ya miaka kadhaa duka lilifungua tawi Jeddah, tukahamishiwa huko sisi wawili, yeye fundi mkuu, mimi msaidizi wake. Tulipanga chumba kimoja Al-Mahjar. Alinipikia pilau kila Ijumaa, na mimi Mkristo nikajifunza kunyamaza anaposali. Baba yangu mzazi hakunivumilia kama alivyonivumilia mzee yule. Nayasema haya mapema ili msinihurumie mbele.

Tawi lilikuwa na desturi moja. Kila mwaka fundi mkuu alipewa kitambaa cha suti, kizuri kuliko vyote vya msimu huo, ajishonee na kuivaa mbele ya wateja. Alikuwa ndiye tangazo letu. Mwaka mmoja kilikuja cha sufu ya rangi ya majivu. Nilimsaidia kukikata, na nilipoweka chaki nikaona mabega ni mapana mno na mikono mirefu mno.

"Hii si saizi yako, Mzee. Ni ya nani?"

"Ya mtu anayeoa," akajibu, akitabasamu kwa haya. "Mwanangu wa mwisho. Wewe shika kitambaa kisiteleze."

Wiki mbili baadaye alikuja dukani amevaa suti ya majivu iliyomkaa kama ngozi. Ilikuwa suti yake ya miaka mitatu nyuma, nayo ya majivu, ameigeuza. Hakuna aliyegundua. Mimi mwenyewe niliona kwa sababu alikuwa amesimama dirishani, jua limempiga kifuani, na upande wa kulia palikuwa na mstari ambapo nyuzi zililala tofauti kidogo. Ilikuwa kazi safi kuliko yoyote niliyopata kuiona.

Mwezi uleule meneja mkuu mpya alikuja kutoka Riyadh kutukagua. Tulikuwa tumesikia kwamba anatafuta mtu wa kusimamia chumba cha kushonea, na mimi nililitaka jina hilo la msimamizi kuliko chakula. Alizunguka meza zetu, akanipita kama meza nyingine, akasimama mbele ya Mzee Hamadi na kushika ukosi wa koti lake.

"Mashallah. Tazameni, hivi ndivyo koti jipya linavyokaa. Hiki ndicho kitambaa cha mwaka huu?"

"Ndicho, bosi," akasema Mzee.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti ili nisikike, nikasema, "Bosi, hilo si jipya. Limegeuzwa. Angalia hapo kulia, mfuko umezibwa. Ni mimi pekee naweza kuona hiyo kitu."

Meneja aliinama, akapapasa kwa kidole gumba, akamwinua Mzee kidevu. "Na kitambaa cha duka kiko wapi?"

"Nimemshonea mwanangu, bosi. Anaoa. Nilidhani maadamu mimi navaa suti nzuri mbele ya wateja..."

"Ulidhani. Umenidanganya usoni sasa hivi." Akageukia karani. "Halas. Ikama yake ikiisha, mafi, hakuna kuongeza."

Ilibaki miezi miwili kibali chake cha kuishi nchini kiishe. Mzee Hamadi hakunigombeza hata mara moja, na Ijumaa alipika kama kawaida. Ningependa angenitukana. Siku ya kuondoka alinipeleka kwenye reli ya nguo, akanionyesha suruali ya bwana harusi mmoja. "Huyu mguu wake wa kushoto mfupi kidogo, naye anaona haya kusema. Usimpime mbele ya watu." Akachukua begi lake.

Nilipata usimamizi, kisha baada ya miaka nikawa fundi mkuu mwenyewe. Kila mwaka nililetewa kitambaa na kila mwaka nilikivaa. Wadogo wangu mnaojifunza kazi hii, nikiulizwa kwa nini mzee aliondoka, nilikuwa na jibu tayari: ulimi uliniponyoka, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Watu walitikisa vichwa, wakaniona mtu mnyenyekevu. Uongo. Ulimi wangu haukujikwaa popote. Nilikata kile kitambaa kwa mikono yangu, nilijua kimekwenda wapi, na nilijua swali la pili la meneja litakuwa lipi. Nilimuuza mtu aliyenipa macho ili nionyeshe kwamba ninaona.

Mwaka huu nimestaafu. Kabla ya kuondoka Jeddah niliitafuta namba ya nyumbani kwake Unguja kwa watu wa Al-Mahjar, nikapiga. Alipokea mwanawe, yule aliyeoa. Akaniambia Mzee amefariki, kisha, kama watoto wa marehemu wanavyopenda kufanya, akanisimulia habari zake.

"Alikuwa na koti moja aligeuza huko kwenu," alisema. "Akijisifu nalo mpaka mwisho. Akisema hakuna aliyemgundua ila mwanafunzi wake mmoja, na kwamba siku ile, pamoja na yote, alijua kazi yake ya kufundisha imetimia. Kwani ni wewe huyo, mjomba?"

Nilimjibu kwamba siku ile mimi nilikuwa Riyadh.