Miaka Kumi na Mmoja ya Kuchelewa Maombi

Mimi si mtu wa kuchelewa. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu wakwe zangu wa Dagoretti wangeapa kinyume. Kazini, katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji, nafika kabla mlinzi hajamaliza chai yake. Lakini katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kufika kwenye shughuli yoyote ya familia kabla ya neno la maombi. Nilifika dakika kumi baadaye, nikihema na kulaumu barabara.

Aliyeishi Nairobi anajua kwamba hapa hakuna kikao kinachoanza hivi hivi. Iwe ni kamati ya harusi, chama cha akina mama au mkutano wa wapangaji kuhusu maji yaliyokatika, mwenyekiti atakohoa, atatazama huku na huku, kisha atasema, "Labda mmoja wetu atufungulie na neno la maombi." Lile "mmoja wetu" ndilo lililoniua. Macho ya mwenyekiti yanapoanza kutembea chumbani, watu wazima wenye digrii huinama kufunga kamba za viatu. Mimi nilipata dawa kamili: nisiwepo.

Na nilikuwa fundi. Chama chetu hukutana Ngara, katika nyumba ya ghorofa ya tatu, na nimesimama kwenye zile ngazi mara nyingi, sikio mlangoni kama mdaku, nikingoja kusikia "Amina" ndipo nibishe. Ukweni nilikuwa na ngome nzuri zaidi, jikoni. Maombi ya kufungua yalinipita nikiwa njiani. Ya chakula yalinikuta na sufuria ya moto mikononi, na nani atamwambia mke wa mwanawe aache mukimo uungue? Ya kufunga yalinikuta nikiosha vyombo kwa kelele zisizo za lazima. Kwangu Kileleshwa aliomba dada wa kazi. Siku moja alimshukuru Mungu kwa gesi iliyokataa kuisha, nami nikaitikia kwa moyo wote, maana ile gesi ilikuwa ya muujiza kweli.

Usidhani naogopa kusema mbele za watu. Mbele ya wakubwa natetea hoja mpaka wananiomba nipumzike. Ni maombi tu. Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Ukambani, mama alinipa heshima ya kuombea chakula cha wageni wa kanisani. Nikasimama. Nikasema, "Ee Mungu," na hakuna kilichofuata. Nilifungua jicho moja nikaona wali unapoa na wageni wamefumba macho wakinisubiri, na kadiri walivyonisubiri ndivyo nilivyozidi kuwa mtupu. Mwishowe shangazi mmoja alinong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mwacheni, huyu hana kitu ndani."

Alikuwa akitania. Wageni wakacheka kwa upendo, mtu mwingine akaomba, tukala. Lakini mimi niliondoka mezani na neno lile, nikalibeba shule ya upili, chuoni, ofisini na kwenye ndoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliamini kabisa kwamba watu wengine wana kisima ndani yao na mimi nina ndoo peke yake, na siku nitakayofumba macho mbele yao watasikia ndoo ikigonga mawe makavu. Sikumwambia mtu. Mume wangu alijua nachelewa. Kwa nini nachelewa, hakujua.

Kwa hiyo maombi ya ukweni niliyajua kupitia ukuta wa jikoni. Mama mkwe alianza na uumbaji wa dunia, akateremka polepole hadi Dagoretti, chakula kikipoa. Wifi yangu mkubwa, ambaye ni shemasi, alilia kidogo katikati, mahali pale pale kila mara. Mume wangu aliomba kama mwenye njaa. Na kabla ya kila mmoja wao nilisikia sauti ya baba mkwe, nzito na fupi, ikichagua: "Leo atatuombea fulani." Yeye ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo yeye ndiye aliyechagua.

Huyo mzee nilimwogopa kuliko wote. Hakuwahi kunipandishia sauti. Niliogopa macho yake. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye lango la kichinjio, akiwakagua ng'ombe wanaposhushwa kutoka kwenye malori, na watu wa soko walisema alimjua ng'ombe mgonjwa kwa jinsi alivyosimama tu. Nilikuwa nikimpa chai kwa mikono miwili na kuondoka haraka, nisije nikasimama vibaya mbele yake.

Kisha akapatikana na uvimbe tumboni. Daktari hakuficha: lazima apasuliwe, na kwa umri wake hakuna wa kuahidi kwamba ataamka. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi familia ikutane nyumbani, iombe, kisha saa nne apelekwe hospitali. Mume wangu alilala huko kwa baba yake. Asubuhi akanipigia simu. "Leo usichelewe, tafadhali," akasema. "Leo tu." Nikamwahidi, na nilimaanisha.

Nilifika Dagoretti saa tatu kasorobo. Lango la ukweni nililiona kwa macho yangu. Ndipo nikawaza kwamba siku kama hii hawataridhika na ombi moja, kila mtoto na kila mke wa mtoto ataambiwa aseme lake, na mzee anayekwenda kupasuliwa atafumba macho akinisubiri mimi. Miguu ikanigeuza hadi sokoni. Nikanunua nyanya. Nikanunua vitunguu. Nikashika kabichi moja nikaigeuzageuza mpaka muuzaji akaniuliza, "Madam, unanunua ama unaisalimia?" Nilijichukia asubuhi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu anaweza kufa, na mimi nasimama nikikagua kabichi.

Saa nne kasorobo niliingia na mfuko wangu, na uongo wangu tayari mdomoni: lori limeanguka, barabara imefungwa.

Sebuleni chai ilikuwa bado kwenye birika. Begi la hospitali lilikuwa mlangoni. Walikuwa wamekaa wote, mama mkwe, wifi, mume wangu, na hakuna aliyekuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuomba. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa koti la safari, mkono mmoja umeshika tumbo. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu.

"Poleni, kuna lori..." nikaanza.

"Wacha lori," akasema. "Kuja ukae hapa."

Mama mkwe hakuvumilia. "Tumekungoja karibu lisaa limoja! Mzee amekataa tuanze. Nimesema niombe mimi, amekataa. Huyu msichana wangu amesema aombe, pia amekataa. Ati mpaka wewe ufike."

Za mwizi ni arobaini. Nilikaa, mfuko wa nyanya magotini.

"Mama," baba mkwe akasema, maana ndivyo anavyoniita. "Hawa wote nimeshasikia maombi yao. Ya shosho," akamwonyesha mama mkwe kwa kidevu, "najua mpaka pahali atavuta pumzi. Wewe umekaa kwa hii familia miaka kumi na moja na sijawahi kukusikia. Saa hii ninaenda kupasuliwa. Nataka niingie huko na yako."

Nikasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia hata mama yangu. "Baba, mimi sijui kuomba."

"Najua," akasema. "Ng'ombe zikishushwa, kuna zile zinasukumana kuja mbele, na kuna moja itajificha nyuma ya zingine. Watu husema hiyo ni mgonjwa. Mara mingi si mgonjwa. Imeogopa tu." Akanyoosha mkono kwangu. "Omba vile unaweza. Hapa hakuna mtu ako na haraka."

Gari lilikuwa nje, limewashwa. Hospitali ilikuwa ikimngoja. Na mzee huyu, mwenye maumivu yake, ananiambia hana haraka.

Nikashika mkono ule, nikafumba macho. "Ee Mungu," nikasema. Na kama zamani, hakuna kilichofuata.

Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia kuku nje, na pikipiki ikipita. Nilimsikia shangazi yangu, waziwazi, akinong'ona. Nikangoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka, na kimya kikaendelea, mpaka nikafanya kile nilichofanya nikiwa na miaka tisa: nikafungua jicho moja. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imefungwa, na kwa mwanamke yule kufunga midomo ni kazi kubwa. Mikono yetu ilikuwa ikitetemeka, wangu na wa mzee. Niliitazama vizuri. Wangu ulikuwa umetulia. Aliyekuwa akitetemeka ni yeye.

Sijui niseme vipi kilichonipata. Miaka yote nilidhani chumba kikifumba macho kinanipima. Kumbe ndani ya kile chumba kulikuwa na mtu anaogopa kufa, na anataka kusikia sauti yangu kabla hajaenda. Sikuwa na nafasi tena ya kujifikiria.

"Ee Mungu," nikasema, "nilifika saa tatu kasorobo. Hakuna lori. Nilikuwa sokoni, nikijificha. Nimenunua nyanya na hapa nyanya zimejaa. Huyu mzee amekaa na koti, ana maumivu, na amekataa kuondoka bila mimi. Mimi sina maneno kama ya wenzangu. Lakini namtaka arudi. Tafadhali mrudishe kwenye hiki kiti. Asante kwamba alinisubiri. Amina."

Kisha mama mkwe, ambaye kwa kawaida angeongezea la kwake ili kurekebisha, alisema "Amina" kwa sauti ndogo niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. Hakuongeza kitu. Alinyanyuka, akachukua mfuko magotini pangu. "Hizi tutazipika akirudi," akasema, akaenda nazo jikoni. Wifi yangu alikuwa analia, na safari hii hapakuwa mahali pake pa kawaida. Nimewahi kuketi katika makanisa makubwa ya jiji hili, yenye kwaya na vinanda, na sijawahi kuhisi nilichohisi pale, nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Ilikuwa kama nimeinua kifuniko cha chungu nilichojua ni kitupu, nikakuta kimejaa.

Alipasuliwa, akaamka. Siku ya tano nilitoka ofisini mapema kwenda kumwona, nikafika kabla ya saa za wagonjwa kuonwa. Nikasimama langoni mpaka likafunguliwa, wa kwanza kwenye foleni, na thamosi ya uji. Tulikuwa wawili tu. Alikuwa amekonda, shingo imebaki nyembamba ndani ya shati la hospitali, lakini macho yalikuwa yale yale.

Nikamuuliza kilichokuwa kikinisumbua. "Baba, ulijuaje kwamba nilikuwa ninajificha? Hata mume wangu hakujua."

Alinipa kikombe nimwongezee uji. "Wewe," akasema, "umewahi kusikia mimi nikiomba?"

Nikafikiri. Nikarudi nyuma ya ule ukuta wa jikoni, miaka yote kumi na mmoja. Nikamsikia mama mkwe, wifi, mume wangu, mchungaji, wageni, hata watoto. Na kabla ya kila mmoja nikaisikia sauti ile nzito: leo atatuombea fulani.

"Mwenye kuchagua hachaguliwi," akasema baba mkwe. "Tangu nioe. Nimechagua watu mpaka wameisha. Shosho hajui, anafikiria ni heshima ninampea."

Nilibaki nimeshika kikombe. Mimi niliyejua hila zote za mchezo huu, niliyesikiliza milangoni na kugonga sufuria, sikuwa nimemwona mwizi mwenzangu ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba. Yeye sebuleni, mimi jikoni, na ukuta mmoja kati yetu. Alinitambua kwa sababu alijua mtu wa namna yetu anavyosimama. Na asubuhi ile hakutaka ombi la wenye kisima. Alitaka la mtu aliyeogopa kama yeye.

Nikaweka kikombe mezani. Nikakohoa kidogo, nikatazama huku na huku kama mwenyekiti, ingawa kitandani alikuwa yeye na kitini nilikuwa mimi.

"Leo," nikasema, "atatuombea Baba."

Alicheka mpaka akashika mshono. Kisha akaacha kucheka. Akaniangalia kuona kama natania, akaona sitanii. Polepole akavua kofia yake ya sufu, akaiweka kifuani, akafumba macho. Mimi sikufumba yangu. Nilitaka kuona.

"Ee Mungu," akasema. Kisha hakuna kitu. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Uji ukapoa. Nesi akatokea na kitoroli cha dawa, nikainua mkono, akasimama pale pale. Nilimshika mzee mkono, na safari hii nilijua tangu mwanzo ni nani anayetetemeka.

"Chukua muda wako, Baba," nikasema. "Sina haraka."

Akavuta pumzi.

"Ee Mungu," akasema, "huyu leo amekuja mapema."