Mkalimani wa Kliniki ya Presha

Niliajiriwa kuwa mhudumu: kudeki, kupanga mafaili, kuwapima wagonjwa uzito. Ukalimani nilipachikwa tu, maana kwenye kituo chetu cha afya, huku upande wa Kasansa, Msukuma nilikuwa peke yangu. Wazazi wangu walihamia Mpimbwe na ng'ombe wao nikiwa bado nabebwa mgongoni. Basi akija mfugaji asiyejua Kiswahili, utasikia mtu anapaza sauti: "Mwiteni yule mama aache deki, aje."

Mwanasaikolojia alipoletwa kutoka Mpanda, tulimsafishia chumba kidogo nyuma ya stoo. Akakikataa. "Nikikaa huku," alisema, "kila atakayeletwa kwangu atajiona amefanywa kichaa." Akabeba kiti, akaenda kukaa chumba kimoja na tabibu siku ya Jumatano, siku ya wagonjwa wa presha na sukari. Alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka hadi naona aibu kufungua mdomo. Tabibu hakufurahi. Benchi limejaa mpaka nje, alilalamika, na sasa kuna mtu anataka maongezi.

Kati ya wagonjwa wa Jumatano alikuwepo mzee mmoja mfugaji. Kila mwezi alikuja na presha ileile, iko juu. Tabibu alishamwongezea dawa mara mbili. Kila nikimuuliza kama anameza, anaitikia. Siku hiyo tabibu akatupa kalamu mezani. "Mwambie akiendelea hivi atapooza."

Nikamwambia. Mzee akaiangalia kofia aliyoishika magotini.

Mwanasaikolojia akaomba dakika kumi. Akataka nimuulize mzee siku yake inakwendaje tangu anapoamka. Hata mimi nililiona swali la ajabu. Mzee akanitazama kama vile nimekosea kutafsiri, halafu akaanza kusema, akasema sana. Alipomaliza nikageuka.

"Anasema ni salama tu. Anaamka, anachunga."

"Ameongea maneno mengi, mama. Na hayo mengine?"

"Ni habari za nyumbani kwake tu."

"Ndizo ninazozitaka. Nipe zote, hata unazoona hazina maana."

Uso ulinichoma. Nikazirudia. Kwamba mke wake alifariki mwaka juzi. Kwamba tangu hapo anapikiwa na mke wa mtoto wake mkubwa. Kwamba zamani jiko lilikuwa upande wa zizi, ila huyu mkwe amejenga jipya uwanjani, na njia ya kwenda chooni inapita mbele yake.

Tabibu, aliyekuwa anaandika, aliacha. "Njia ya chooni?" Akafunua faili la mzee. Kati ya vidonge vyake kimoja ni cha kupunguza maji mwilini. Mtu akikimeza asubuhi, hakai. Kila mara anakwenda haja ndogo.

Kwetu sisi baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali chakula pamoja. Sasa mzee wa watu apite mbele ya jiko mara sita kabla jua halijapanda, na mkwe anajua anakokwenda! Mle chumbani hakuna aliyeyajua hayo kuliko mimi, na mimi ndiye niliyeyaacha njiani. Tena nikaona jambo jingine: angeniambiaje mimi, mwanamke wa umri wa mkwe wake?

Nikaomba ruhusa, nikageuza kiti changu, nikatazama dirishani na kumpa mzee mgongo. Ndipo nikamuuliza kwa Kisukuma, "Baba, vidonge vyote unameza?"

Akanijibu, "Kile kidogo cheupe sikimezi, mwanangu. Nakitupa zizini." Halafu akasema, "Marehemu angekuwepo ningemwambia yeye." Nikasikia sauti yake inakatika.

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilidhani dada atamwahi kwa maneno ya kumfariji. Hakumwahi. Alimwacha mzee apenge kamasi, kisha akaniambia taratibu, "Muulize, marehemu angefanya nini?"

Mzee akacheka! Sikuwahi kumsikia akicheka. "Angewafokea wote wachimbe choo kingine."

Nikageuka, sote tulikuwa tunacheka, hata tabibu. Mzee akasema hilo yeye hawezi kumwambia mwanawe, atamwanzia wapi? Tabibu akasimama, akaenda nje kwa yule mwana mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyemleta baba yake kwa pikipiki. Nikamfuata. Akamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba dawa za mzee zinahitaji choo cha karibu, nyuma ya nyumba anayolala. Jiko hakulitaja. Yule mwana akasema, "Sawa, dokta," bila swali.

Choo kilichimbwa wiki hiyohiyo. Mwezi uliofuata presha ilikuwa imeshuka, si yote, ila tabibu aliona inatosha kupunguza dozi aliyoiongeza. Mzee alikuja mapema, akakaa na dada yule kwa muda mzuri akimsimulia mkewe, jinsi alivyokuwa hodari wa kukamua na mkali kwa ndama. Mimi nilitafsiri yote, pamoja na majina ya ng'ombe.

Niliipenda kazi ile ya ukalimani kuanzia hapo. Bado nadeki, na Jumatano benchi bado linajaa hadi nje. Tabibu naye, dada akiwa safarini Mpanda, akimwona mgonjwa ambaye dawa hazimsaidii, huweka kalamu chini na kumuuliza, "Nyumbani kwako kukoje?" Anauliza vibaya, kama anayesoma fomu, lakini anauliza, na watu wanamjibu.