Kiluwiluwi Niliyemtuma kwa Zuhura

Kwa miaka mingi nimekana, lakini ni mimi niliyetia kiluwiluwi wa mbu kwenye pipa la maji la kina Zuhura, majirani zetu wa Kaloleni. Zuhura alikuwa amezicheka akala zangu, viatu vya tairi, mbele ya mtaa mzima.

Nyuma ya soko la Kariokor, ndani ya tairi kuukuu lililonuka majani yaliyooza, nilimchagua aliye mkubwa kuliko wote, ili azae mbu wakali. Pipani alitulia tuli, kisha akamnasa kiluwiluwi mdogo kwa taya na kumtafuna polepole.

"Kula, baba," nilimnong'oneza. "Ukue, umuume."

Mama Zuhura aliponikuta, nilisema nanawa mikono.

Juzi nilimwona tena kiluwiluwi wangu kwenye filamu ya wadudu. Kumbe jamii yake hula viluwiluwi wengine, na wakiota mbawa hunywa utamu wa maua tu, damu hawaigusi. Shahada zangu mbili hazikuwahi kunidokezea. Nikampigia Zuhura, ambaye sasa anaishi Kware, nikamweleza yote.

"Kumbe ni wewe! Na mama alidhani mbu walipunguzwa na dua zake. Hebu niletee mwingine, dadangu, huku wanatumaliza."

Nikamwambia atafute wake.