Nyuzi Nane na Mwiko Mmoja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo huwa wanamaanisha familia. Mimi namaanisha kiti. Kiko sebuleni kwangu hapa Sindo, kati ya dirisha na meza ninayotengenezea redio na simu za watu, na kwa kuwa redio huletwa na wenye redio, sijawahi kuona sababu ya kwenda kuzitafuta. Tangu nimalize kidato cha nne nimeliangalia ziwa sana kupitia dirisha hilo. Bado liko palepale, na mimi pia.

Mke wangu ni Mkuria wa Kehancha. Majirani humwita Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Kwa miaka saba alikuwa akienda kwao peke yake kila Desemba, nami nikimsindikiza mpaka langoni kwa moyo mkunjufu. Mama yake hakuchoka kuniulizia. Jibu langu lilikuwa tayari: kwetu Wajaluo mkwe haendi ukweni ovyo, wala halali huko kama mtoto wa nyumba, kuna heshima zake. Heshima zipo kweli. Ila si zilizonizuia. Uvivu wangu nilikuwa nimeufunika kwa mila, jinsi mtu anavyofunika sufuria isiyo na kitu wageni wakipita.

Kompyuta iliingia kwetu kwa sababu ya friji. Mke wangu alikuwa na friji kubwa ya kuhifadhia samaki, na juu ya paa kulikuwa na sola ya kuiendesha. Friji ikafa, sola ikabaki, ikitengeneza umeme mchana kutwa kwa ajili ya balbu moja na redio za watu. Hapo ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka la fotokopi huko Kehancha, aliponipigia simu na habari zake za kujitolea.

Kulikuwa na watafiti, akasema, waliotaka kujua ni kemikali gani inaweza kumzuia mdudu wa malaria, na walikuwa wakizipima kwanza kwa hesabu, maelfu kwa maelfu, kabla mtu hajashika chupa. Kompyuta zao hazikutosha. Basi waliikata kazi vipande vidogo na kumtumia yeyote aliye tayari kuiazima mashine yake inapokaa bure. Mashine inapokea kipande, inakihesabu, inarudisha jibu kabla ya siku iliyowekwa, na mwenyewe anapewa pointi. Pointi hizo hazinunui hata kiberiti. Labda ndiyo sababu watu wazima wawili waliweza kuzigombania kwa usafi wa moyo.

Nikapata kompyuta iliyostaafu kutoka ofisi fulani, nikaiunganisha na sola. Jua likipanda inajiwasha, likishuka inazima. Ilifanya kazi saa za ofisi, mazoea ya zamani.

Prosesa yake, ubongo wa mashine, ina viini vinne, yaani mafundi wanne wa kuhesabu. Lakini kila kiini kinaweza kushika nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, ili uzi mmoja ukingojea kitu, fundi asikae akipiga miayo. Aushike ule mwingine. Kwa hiyo ukifungua skrini huoni vinne, unaona nane. Siku nilipoona nane nilijisikia kama mtu aliyehesabu mbuzi jioni akakuta wamezaa. Nikampigia shemeji. Yake, akanijulisha, ilikuwa na viini vinane na nyuzi kumi na sita.

“Nane ni za mtoto wa shule, shem,” akasema. “Ukifika kumi na sita, nipigie.”

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa mashindano. Tukakubaliana mwezi mmoja: nani atarudisha kazi nyingi zilizokubaliwa. Kwa kuwa nyuzi zake zilikuwa maradufu ya zangu, kila kazi yangu moja ingehesabiwa mbili. Shemeji akaweka sharti. Nikishindwa, nitaenda Kehancha wiki nzima, nilale huko, nile kwa mama yake. Akishindwa yeye, hakuna mtu wa nyumba ile atakayeniuliza tena habari ya kuja, hadi siku nitakayoitaja mwenyewe. Nikakubali upesi. Simu ilikuwa kwenye spika, na mke wangu alikuwa mlangoni akipara samaki. Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Wiki ya kwanza nilifungulia nyuzi zote nane. Mtu ana nane, kwa nini atumie pungufu? Feni ya mashine ikapiga kelele tangu asubuhi. Nyumba yetu ni ya mabati, na kufikia adhuhuri sebule ilikuwa imeiva. Paka alihama. Mashine nayo, ikizidi joto, hupunguza mwendo yenyewe, jambo ambalo mimi mwenyewe hufanya kila siku na sikupaswa kushangaa. Kila kazi ilichukua saa saba. Jua likizama, kazi nane zilikuwa zimeisha, na nane nyingine zimekatikia njiani. Shemeji alinitumia ujumbe kila jioni. Mmoja ulisema mama ameanza kunenepesha jogoo.

Wiki ya pili walikuja akina mama wa kanisa. Walikuwa wengi kuliko waliotarajiwa, ikabidi zisongwe sufuria mbili kubwa za ugali, na mke wangu alikuwa na samaki wa kuangalia pamoja na wageni wa kupokea. Nikajitolea. Tena si kwa unyenyekevu. Nilisimama kati ya majiko mawili nikamweleza kwamba huu ni mfano halisi wa prosesa: kiini kimoja, ambacho ni mimi, na nyuzi mbili, ambazo ni sufuria hizi. Nitasonga hii, nihamie ile, nirudi hii. Hakuna sekunde itakayopotea.

“Haya,” akasema, akanipa mwiko.

Mwanzoni maji yalipokuwa yakichemka mambo yalikwenda vizuri ajabu. Kisha unga ukaingia. Nilipokuwa nikisonga ya kulia, ya kushoto ilishika chini. Nilipoihamia ya kushoto, ya kulia ikaota madonge. Nikaongeza mwendo, nikawa navuja jasho ndani ya sufuria zote kwa usawa. Ugali ambao mke wangu angeusonga kwa robo saa, sufuria moja baada ya nyingine, mimi nilikuwa bado nao baada ya nusu saa, na akina mama walikuwa wameshamaliza maombi na sasa wanaimba ili kujizuia kuuliza.

Tukala. Mama mmoja mzee alivunja tonge, akatoa donge la unga mkavu kubwa kama kokwa la embe, akaliweka kando ya sahani yake taratibu.

“Nyar Kuria,” akauliza, “hii ugali ya huko kwenu huwekwa mayai ndani?”

Walicheka hadi mmoja akatoka nje. Mke wangu alicheka kuliko wote, na hakunitaja. Ni baadaye, nikiosha sufuria zilizoungua kama adhabu niliyojipa, aliposimama nyuma yangu akaniambia kosa langu, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni njia.

“Ugali na samaki, mtu mmoja anaweza. Samaki anajichemkia, wewe unasonga. Lakini ugali na ugali? Zote zinataka mkono, na mkono ni huo mmoja.”

Nikaiacha sufuria na maji yake nikaenda kwenye kompyuta. Kazi tulizokuwa tukitumiwa zilikuwa ugali mtupu: hesabu juu ya hesabu, karibu hakuna cha kungojea. Nyuzi nane zilikuwa zinagombania mikono minne, na joto juu yake. Mimi nilihesabu nyuzi nikadhani ni mafundi.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikairuhusu mashine kazi nne tu kwa wakati mmoja. Kila moja ikaisha kwa saa tatu. Yaani nane nilizokuwa nikizisukuma pamoja kwa saa saba, sasa zilikamilika kwa saa sita, nne kwanza, nne baadaye. Siku iliyofuata nikajaribu sita. Saa nne kila moja. Nilikaa na kalamu nikazidisha na kugawanya hadi mwenye redio aliyekuja kuichukua akaniuliza kama niko na mtihani. Sita ilizishinda nne, na ikaziacha nane mbali. Nadhani hata katika ugali mtupu kuna vipindi vidogo vya maji kuchemka, fundi anapongojea kitu kutoka kwenye memori, na nyuzi mbili za ziada zilitosha kuviziba. Zaidi ya hapo ni msongamano. Feni ikatulia ikawa inanong’ona. Paka akarudi.

Lazima nikiri furaha niliyokuwa nayo. Maisha yangu yote nimesema kwamba ukipunguza kazi unapata zaidi, na hapakuwa na aliyeniamini. Sasa nilikuwa na ushahidi, ukiwa na taa ndogo ya kijani mbele.

Kufikia mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa nimempita shemeji. Jumbe za jioni zikakatika. Jogoo hakutajwa tena. Nilikaa kitini nikimwona mama mkwe akizeeka salama bila kuniona, nikajiona bingwa.

Kisha akapiga simu, mchana, na hapakuwa na utani ndani yake. Mashine ilikuwa inakufa, alisema. Wateja wanangoja barua moja ichapwe kana kwamba inatoka Nairobi kwa miguu. Kazi za watafiti zilikuwa zinakawia mpaka tarehe inapita, ananyang’anywa na kupewa watu wengine. Taa ya diski haikuzima kabisa. Alikuwa ameamua kuiondoa kwenye kujitolea. Labda ni ya zamani mno kwa mambo haya.

Nilijua palepale. Nyuzi kumi na sita, zote zimefunguliwa, kwenye mashine ambayo memori yake, yaani meza yake ya kufanyia kazi, kama alivyoniambia siku ile ya majigambo, ilikuwa sawa na yangu. Kazi hazikutoshea mezani, basi mashine ilikuwa inaziweka sakafuni, yaani kwenye diski, inaziokota, inaziweka, siku nzima. Ilikuwa nzima. Ilikuwa inasonga sufuria kumi na sita.

Nikamwambia pole. Nikamwambia mashine za siku hizi hazitabiriki. Nikakata simu.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa mchele. Alikuwa amesikia yote.

“Umemwambia?”

Nikamjibu kwamba imebaki wiki moja tu, na wiki si kitu, na mashindano ni mashindano. Ikiisha nitamweleza kila kitu, hata nitamchorea.

Akachagua mawe mawili matatu kwenye mchele kabla hajasema.

“Mimi ya ugali nilikuambia siku ileile.”

Akaurudia ungo wake. Angeongeza neno ningepata la kubishia. Nilibaki nikiangalia ziwa, ambalo siku hiyo halikuwa na msaada, nikawaza Desemba saba, na mimi langoni nikipunga mkono kama mtu aliyefanya jambo la maana. Nikampigia shemeji. Nilimwambia ashushe hadi kazi nane, na wateja wakiwa wengi ashushe hadi sita, na aache kuhesabu nyuzi kama anahesabu wafanyakazi. Aliuliza nimejuaje. Nikamsimulia ya akina mama wa kanisa na donge kwenye sahani. Alicheka kwa muda mrefu, na ndani ya kicheko hicho nilisikia fotokopi ikianza kutoa karatasi.

Akanifikia siku ya pili kabla ya mwisho wa mwezi. Siku ya mwisho alinishinda kwa kazi tatu, na zangu zimeshahesabiwa mara mbili. Mke wangu alikuwa amefunga mabegi. Kutokana na jinsi yalivyopangwa, naamini yalifungwa siku ile ya mchele.

Mama mkwe alitupokea uani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima tangu Migori. Alinitazama kuanzia chini, taratibu, akaishia magotini.

“Kumbe miguu unayo,” akasema. “Mimi nilikuwa nakuombea.”

Akanipa kiti, na ni lazima niseme, kilikuwa kiti kizuri. Mbele yake alikuwa akisonga ugali wa wimbi kwenye jiko moja, na kwenye la pili jogoo alijichemkia peke yake, bila haja ya mkono wa mtu. Shemeji akanikonyeza. Mimi nilikuwa nimeshaona.

Kesho yake shemeji alinipeleka dukani kwake. Mashine yake ilikuwa inafanya kazi nane kwa utulivu huku yeye akimchapia mwalimu mmoja barua ya uhamisho. Akafungua ukurasa wa kikundi chetu cha watu wawili, na pale, chini ya jina lake, nikaiona mashine yangu. Sindo nyumba ilikuwa imefungwa, paka yuko kwa jirani, kiti changu hakina mtu. Jua lilikuwa limepanda na ilikuwa imejiwasha yenyewe. Asubuhi hiyo ilikuwa imesharudisha kazi sita.

Mke wangu alikuja akaegemea kaunta, akaangalia.

“Haijakuulizia?”

“Bado.”

Nilikaa siku tisa. Ilibidi yeye ndiye aniambie turudi nyumbani.