Elektroni za Chuma Nilizozipigia Wastani

Nilikuwa na wiki mbili tu za kuiokoa shahada yangu ya uzamili, na hata sikuelewa ninachokiokoa. Mchana nafundisha fizikia sekondari hapa Newala. Jioni nahangaika na kompyuta juu ya michanganyiko ya chuma na aseniki ambayo, ikipozwa sana, hupitisha umeme bila upinzani wowote. Msimamizi wangu alishanirudishia sura ya tatu mara mbili. Safari hii alikuwa anakuja Masasi, ukweni kwake, akaniambia niteremke na majibu yanayoeleweka, la sivyo nitafute msimamizi mwingine.

Tatizo lilikuwa elektroni. Zile zinazohusika hukaa kwenye obiti tano za atomi ya chuma, tuseme vyumba vitano, na husukumana kiasi kwamba hakuna inayotembea bila kujali nyingine. Nilitafuta uzito zinaoonekana kuwa nao zikitembea, nikapata namba moja safi. Vipimo vya maabara vikaonyesha elektroni nyepesi na nzito kwa wakati mmoja. Nilikasirika. Nikasema hao wa maabara wamechemsha.

Ijumaa tulikuwa na kikao cha wazazi. Nikasimama kwa mbwembwe, nikatangaza kwamba wastani wa fizikia umepanda. Mama mmoja mkulima wa korosho kutoka Makote, ambaye nilimwamkia shikamoo pale mlangoni, akanyoosha mkono.

"Huo wastani nimeusikia, Mwalimu. Wa kwangu naye yumo?"

Nikatazama karatasi. Binti yake alikuwa na alama nne. Wachache waliopata tisini ndio waliolibeba darasa zima. Niliona aibu.

Nyumbani nikafungua hesabu zangu. Ualimu umenikaa vibaya: nilikuwa nimezijumlisha obiti zote tano nikagawa kwa tano, bila hata kuitazama moja moja, kama ninavyofanya na alama kila muhula. Nikazitenganisha. Elektroni za obiti nne zilitembea, hizi zaidi, hizi kidogo. Za obiti ya tano zilikuwa nzito, zimegoma karibu kabisa kutoka kwenye atomi. Nikafurahi, kumbe wa maabara hawakuchemsha, halafu nikachanganyikiwa upya. Atomi ni ileile, iweje obiti moja igome?

Masasi, msimamizi alisoma kurasa zote uani kwa wakwe zake, chai yake ikapoa.

"Sura inapita," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye ile obiti nzito. "Hii inayogoma, ndiyo inayosaidia umeme upite bila upinzani, au ndiyo inayozuia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Sijui, Profesa."

"Mimi nina miaka kumi na mbili sijui," akasema, akanisogezea kiti.

Niliondoka pale shahada yangu iko salama na kichwa kimevurugika kuliko nilivyokuja.